Kitabu Kichwa Chini

Filamu yenyewe sikuimaliza. Mjukuu wangu Furaha aliileta kwenye kompyuta yake alipokuja likizo, akaiweka mezani, akanisogezea kiti na kufunga dirisha ili mwanga usipige kioo. "Bibi, hii inahusu mauaji ya kimbari," aliniambia. "Chuoni tumeambiwa tuitazame, halafu kila mtu aandike alichohisi. Nataka tuitazame pamoja." Nikavaa miwani. Nimezika wazazi, nimezika mume, na katika miaka yangu ya ualimu nimeona mengi. Sikudhani picha ingenishinda.

Nilikuwa nimejiandaa kwa damu, lakini damu haikuwa imefika. Ilikuwa asubuhi, kwenye uwanja wa shule, watu wameketi kwenye nyasi na watoto wao. Akatokea kijana aliyevaa shati safi. Hakuwa na silaha. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Akaikunjua, akaanza kusoma majina taratibu, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Aliyeitwa alisimama, akapangusa nyasi kwenye suruali, akaenda kusimama upande wa pili. Ni hayo tu. Hapo nami nikasimama, nikatoka.

Furaha akanifuata jikoni. "Bibi, mbona umetoka? Hata hawajaanza kuuana."

"Wameanza," nikamwambia.

Akaniangalia kama mtu anayesubiri maelezo, na mimi tangu zamani sijui kumnyima mtu maelezo. Nikabandika maji ya chai, nikamweleza habari za Bukuru. Naziandika hapa pia kwa ajili ya wenzangu wa rika langu, ambao nina hakika kila mmoja ana Bukuru wake aliyemwelewa akiwa amechelewa.

Tuliishi Katumba, nje kidogo ya Mpanda. Baba alikuwa bwana shamba, akapelekwa huko wakati makazi ya wakimbizi wa kutoka Burundi yalikuwa bado yananukia miti mibichi iliyokatwa. Barabara zilipasuliwa msituni zikiwa zimenyooka kama rula, na vijiji viliitwa kwa namba. Watu walikuwa wamepewa jembe, shoka, mbegu na posho ya unga na maharage, wakaonyeshwa pori na kuambiwa, hapa ndipo kwenu. Kufika miaka niliyoanza kupata akili walikuwa wanalima mahindi na tumbaku kuliko sisi wenyeji.

Mama, Mkonongo wa Inyonga, alikuwa mwalimu. Asubuhi alifundisha watoto, na saa kumi jioni alifundisha watu wazima kwenye banda la kuchambulia tumbaku. Mnakisahau vipi kisomo cha jioni? Akina mama na watoto mgongoni, wanaume wenye mikono iliyopasuka wakiishika penseli kama wanashika mpini, vitabu vyembamba vinavyofundisha kusoma na kulima kwa pamoja. Banda lile lilikuwa na harufu ya jani lililokauka, tamu na kali, inayokaa kwenye nywele na kwenye kurasa. Hata leo nikipita karibu na ghala la tumbaku, masikio yangu husikia watu wazima thelathini wakiimba "ba, be, bi, bo, bu."

Wanafunzi walikuwa wengi na Mama alikuwa mmoja. Kwa hiyo alitupanga sisi watoto wa darasa la tatu tuliojua kusoma vizuri, kila mmoja akae na mtu mzima mmoja aliyebaki nyuma. Mimi nikapewa Bukuru.

Bukuru alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mwenye sauti ya chini, aliyeishi peke yake mwisho wa barabara yetu. Kwao jina hilo ni la pacha wa kwanza, kama sisi tunavyosema Kulwa. Mtoto mwenye akili za Kikonongo lazima aulize Doto, yule wa pili, yuko wapi, nami siku ya kwanza tu nikauliza, "Na mwenzako je?"

"Butoyi alibaki," akasema.

Nikaridhika. Nilidhani amebaki kuchunga nyumba.

Bukuru alikuwa mwanafunzi mbaya kuliko wote. Kila jioni alifungua kitabu, na kila jioni alikishika kichwa chini miguu juu. Picha ya mkulima ilisimama kwa kofia, jembe likaning'inia hewani, na yeye aliitazama kwa utulivu kabisa. Darasa zima lilicheka. Mama Leokadia, mwanamke mcheshi aliyetoka mlima mmoja, yaani kijiji kimoja, na Bukuru huko Burundi, ndiye pekee ambaye hakuwahi kucheka. Sikujiuliza kwa nini.

"Mwalimu," Bukuru aliniita hivyo, bila mzaha, "hii leo ni ipi tena?"

"Ni a. Hata jana ilikuwa a."

"Yoo! Imebadilika sura."

"Haijabadilika! Ona, ni chungu kimeegemea fimbo. Chungu, fimbo. Sema a."

"A," alisema. Kesho yake ilikuwa imepotea.

Mnajua mtoto mwenye mwanafunzi mjinga anavyoteseka? Sospeter, mwenzangu wa darasani, alikuwa amepewa mama mmoja ambaye baada ya mwezi aliandika jina lake kamili. Alinisimanga njia nzima ya kwenda kisimani. "Wa kwangu anaandika barua, wa kwako bado anatafuta chungu!" Nilikuwa nalia kwa siri, halafu narudi na mbinu mpya. Nilipanga punje za mahindi zikawa herufi. Nilichora kwa mkaa kwenye gome. Niliimba. Kila nilichojua baadaye kuhusu kumfundisha mtu anayechelewa, nilikipata kwa Bukuru, ambaye hakuwa anachelewa.

Niligundua msimu wa kuvuna tumbaku. Nilimfuata kwenye bani lake, kile kijumba cha udongo kisicho na dirisha ambamo majani hutundikwa kwenye fito, na chini yake moto mdogo wa magogo hufuka siku kadhaa. Moto ukizima, majani yanaota ukungu. Ukizidi, jasho la mwaka mzima linateketea. Bukuru alikuwa amekaa nje anafunga majani kwenye vijiti, nami nikachukua kijiti nichore somo chini, kwenye mchanga. Nilikuwa nimechoka na a. Nikaamua kujifurahisha mwenyewe kwa sentensi ndefu, ya kuonyesha ufundi, ambayo nilijua hawezi kuisoma. Nikaandika: *Bukuru una siafu mguuni.*

Akanyanyua mguu haraka na kuukung'uta.

Hapakuwa na siafu. Nilitazama mguu, nikatazama maandishi, nikamtazama yeye. Naye alikuwa ananitazama, mguu bado juu, na kwa mara ya kwanza nikaona uso wake hauna ule upole wa kila siku. Ulikuwa mtupu kabisa. Halafu akaushusha mguu juu ya maneno yangu, akayafuta taratibu mpaka mchanga ukawa laini.

"Mwalimu," alisema, "hii ibaki hapa."

"Kumbe unajua! Unajua kabisa!"

"Ibaki hapa."

Nami nikaelewa, kama anavyoelewa mtoto wa miaka kumi. Nilifikiri anaficha kama watu wanavyoficha zawadi, ili siku ya mtihani aushangaze umati. Ningefanya hivyo hivyo. "Haya," nikasema, nikacheka, na nikaondoka naruka kwa furaha. Mwanafunzi wangu alikuwa anajua kuliko wa Sospeter!

Siku ya mtihani ilifika. Bwana kisomo, afisa wa elimu ya watu wazima, alikuja na Landrova kutoka mjini, mtu mnene mwenye heshima, akakaa kwenye meza ya kuchambulia tumbaku na karatasi ndefu mbele yake. Aliyefaulu aliandikwa jina, jina la baba na namba ya kijiji, watu wakapiga makofi na vigelegele. Aliyeshindwa aliambiwa ajaribu tena mwakani. Alipoitwa Bukuru, nilinyoosha shingo nione.

Alikipokea kitabu, akakishika kichwa chini.

Kicheko kikaanza. Bwana kisomo akakigeuza yeye mwenyewe. "Hapa. Anza hapa, ndugu."

"Sijui, bwana."

"Herufi moja tu."

"Sijui."

Kalamu ikainuliwa. Nikaona zawadi yangu yote inapotea, na aibu ya Sospeter itanikalia mwaka mwingine mzima. Nikasimama juu ya gogo, nikapaza sauti: "Anajua! Anajua kuliko wote! Niliandika ana siafu mguuni, akakung'uta!"

Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Mama akasema, "Wewe mtoto, kaa chini!" lakini naye alikuwa anatabasamu. Bwana kisomo hakuwa mtu mbaya. Alimwangalia Bukuru kwa huruma, akadhani anaona haya tu. "Usiogope, ndugu yangu. Wengi wanaona aibu mbele za watu. Watu kama wewe ndio tunaowatafuta." Akaandika. Bukuru. Jina la baba. Namba ya kijiji.

"Karatasi hiyo inakwenda wapi?" Bukuru aliuliza.

"Mpanda, halafu mkoani. Utajulikana!"

Makofi yakapigwa. Mimi nilipiga kuliko wote, mpaka viganja vikawaka. Nilimtafuta anishukuru, lakini alikuwa anatoka bandani kwa hatua za kawaida, hana haraka. Mlangoni aligeuka akanitazama mara moja. Nilimpungia mkono.

Asubuhi Mama Leokadia alikuja kwetu kabla hatujanywa uji. Hakubisha hodi, alisimama mlangoni tu. "Mwalimu, Bukuru hayupo. Bani lake moto umezima."

"Amekwenda wapi?" Mama aliuliza.

"Amekimbia."

"Amkimbie nani? Huku nani wa kumkimbia?"

Mama Leokadia akakaa kwenye kizingiti, akaeleza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza njia. Bukuru na Butoyi wote walikuwa walimu, shule moja. Wakati ule mbaya kule kwao, watu walikuja shuleni na karatasi. Wakasoma majina. Walikuwa wanataka wale wanaojua kusoma: walimu, makarani, hata wanafunzi wakubwa. Butoyi akasikia jina lake, akasimama, kwa sababu mwalimu akiitwa huitika. Bukuru hakuwepo, alikuwa na malaria nyumbani. Habari zikamfikia; walipomfuata walimkuta migombani kwa jirani, amevaa matambara, analima. Akawaambia yeye ni kibarua. Wakamtupia kitabu wakamwambia asome.

"Akakishika kichwa chini," Mama Leokadia alisema. "Wakacheka, wakaondoka zao. Ndiyo maana yuko hai."

Mimi nilikuwa nimesimama na bakuli la uji. Nakumbuka uji ulikuwa wa mtama na ulikuwa na sukari, jambo la nadra, na nakumbuka sikuweza kuumeza uliokuwa mdomoni wala kuutema. Jioni zote zile nilizocheka. Mkulima aliyesimama kwa kofia.

Mama hakunipiga. Heri angenipiga. Alitoa baiskeli ya Baba, akaipapasa magurudumu, akasema, "Panda nyuma. Wewe ndiye utakayesema."

"Niseme nini, Mama?"

"Kwamba ulidanganya."

"Lakini sikudanganya!"

"Najua. Utasema ulidanganya."

Nataka mnielewe. Mama yangu alikuwa mtu wa kunirudisha dukani kilomita mbili kwa sababu nimesema "ndiyo" mahali pa "sijui". Sikuwahi kumsikia akisema uongo hata wa kumridhisha mgeni. Sasa anaendesha baiskeli kwenye mchanga, jasho linamtiririka shingoni, ananipeleka nikadanganye serikali.

Tulimkuta bwana kisomo anapakia mizigo yake. Mama akamsalimu, akanisukuma mbele. Nilitazama viatu vyake.

"Shikamoo. Yule Bukuru… nilisema uongo. Hajui kusoma. Hajui hata a."

"Na siafu?"

"Nilitunga. Nilitaka mwanafunzi wangu afaulu."

Akanikemea pale pale, mbele ya dereva. Mtoto wa mwalimu! Aibu gani hii! Utaishia wapi! Nikawa nalia machozi ya kweli kwa kosa ambalo sikulifanya na kwa lile nililolifanya. Mama alisimama ameinamisha kichwa, hakunitetea hata kwa neno. Kisha akasema kwa upole, "Bwana mkubwa, basi tunaomba uandike orodha upya. Jina lake lisiwemo kabisa. Hata la kukatwa lisionekane."

"Mama mwalimu, watu wananibembeleza niandike wamefaulu. Wewe unanibembeleza niandike amefeli?"

"Ndiyo, bwana. Amefeli vibaya sana."

Bwana kisomo akamtazama Mama. Sijui alielewa nini. Alifungua mkoba, akakaa kwenye ngazi ya Landrova, akanakili majina yote kwenye karatasi mpya, moja moja, wakati dereva anapiga honi kwa kuchoka. Ya zamani akampa Mama bila kumtazama usoni.

Sasa ilibaki kumpata mtu mwenyewe. Baba aliulizia kwa warina asali wanaoingia mapori ya upande wa Inyonga. Wakasema wamemwona Mrundi mmoja anatembea peke yake, hataki kuongea. Mume wa Mama Leokadia akaichukua ile karatasi, akaikunja ndani ya kitambaa na kufuata nyayo.

Tukangoja. Na katika kungoja kule kulikuwa na tumbaku. Mama alisema mtu hawezi kurudi akakuta mwaka wake umeoza. Tuliuwasha moto wa bani la Bukuru upya na kuugawana kwa zamu, nyumba na nyumba. Zamu yangu ilikuwa baada ya shule. Nilikokota magogo, nikapuliza makaa, nikatoka nakohoa macho yamevimba. Sospeter alikuja siku ya pili bila kuitwa. Alibeba gogo begani, akalitupa chini, akasema tu, "Hili ni zito, usiliguse," na hakunisimanga tena kamwe.

Siku ya nane nilikuwa nimepiga magoti mdomoni mwa moto, nikasikia mtu anaingia. Miguu ilikuwa imevimba, vidole vimechanika. Alikuwa Bukuru. Alinyoosha mkono juu, akashika jani moja, akalisugua kati ya vidole na kulinusa.

"Umezidisha moto," alisema.

Nilijaribu kusema samahani. Sauti ikatoka kama ya mbuzi. Yeye akachuchumaa kando yangu, akatoa ile karatasi kwenye kitambaa, akaitazama. Aliisoma yote, nililiona jicho lake likienda na kurudi, kutoka jina la kwanza hadi la mwisho. Halafu akaiweka kwenye makaa. Tukaitazama wote wawili mpaka ikawa jivu, na hata jivu lenyewe akalivuruga na kijiti.

"Kesho usichelewe darasani, mwalimu," akasema.

Sikuchelewa. Akaja, akakaa kwenye gogo lake, akafungua kitabu kichwa chini. Watu wakacheka kama kawaida, na Mama Leokadia hakucheka, na safari hii tulikuwa wawili ambao hatukucheka. Mimi nikaweka kidole kwenye herufi.

"Hii ni a," nikasema. "Chungu kimeegemea fimbo."

"Yoo. Imebadilika sura."

"Haijabadilika. Sema tena."

Nilimfundisha a mwaka mzima na zaidi. Nilimfundisha kwa bidii yangu yote, kwa punje, kwa mkaa, kwa nyimbo, na kila jioni aliisahau mbele ya watu wote, na kila jioni nilimwambia asikate tamaa. Sospeter alipata mwanafunzi mwingine, na mwingine, wote wakafaulu. Mimi wangu hakufaulu kamwe. Sijafanya kazi nyingine ya ualimu ninayojivunia kama ile.

Kisha Baba akahamishwa. Siku ya kuondoka nilikwenda banini kumuaga Bukuru. Alikuwa anachambua majani, yuko peke yake. Akanawa mikono, akaingia ndani akatoka na kitabu cha kisomo, kile kile chenye harufu ya tumbaku. Akatazama barabarani upande huu, akatazama upande ule. Akakigeuza.

Hapo Furaha akanikatiza, chai imeshapoa mkononi mwake. "Alikusomea nini, Bibi?"

Alinisomea ukurasa wa mahindi. Jinsi ya kupima mistari kwa kamba, jinsi ya kuchimba mashimo, mbegu mbili kila shimo, fukia, usikanyage. Alisoma akiwa amesimama wima, kitabu kwenye mkono mmoja, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kutoka kwake, sauti pana inayofika nyuma ya darasa. Na kila mwisho wa sentensi aliinua macho na kuyatembeza, kushoto, katikati, kulia, kuhakikisha watoto wote wanasikiliza. Nilikuwa mimi tu. Nikakaa vizuri, nikafunga mikono kifuani, nikasikiliza kwa niaba ya wote.